Kokutona na Maziwa ya Bihogo

Paukwa!

Pakawa.

Itikieni vizuri, kuni bado zipo. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, ng'ombe walipokuwa bado wanasema na watu, palikuwa na mjane mmoja, jina lake Kokutona. Aliishi peke yake mwisho wa kijiji, mahali migomba inapokoma na malisho yanapoanza. Mumewe alikuwa amefariki. Binti zake walikuwa wameolewa ng'ambo ya milima, na ng'ambo ya milima ni mbali, hata salamu hufika zikiwa zimechoka. Aliyebaki naye ni ng'ombe mmoja tu, mwekundu, mwenye pembe ndefu, aitwaye Bihogo.

Kila asubuhi Kokutona alikamua, akamimina maziwa kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi, akaketi mlangoni pa zizi, akanywa huku Bihogo akimtazama. Siku nyingine hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yake yote mpaka jua likazama.

Basi mvi zilipomwingia, maziwa yakaanza kumkataa. Akinywa, tumbo linanguruma, linajaa, linamkata. Anajikunja mkekani kama mtoto.

Akasema, "Labda kwa kuwa ni mabichi." Akayachemsha, akanywa. Tumbo likanguruma, likajaa, likamkata.

Akasema, "Labda yanataka kulala." Akayagandisha, akanywa mtindi. Tumbo likanguruma, likajaa, likamkata.

Akasema, "Labda nakunywa mengi." Akanywa funda moja tu. Tumbo likanguruma, likajaa, likamkata.

Akamwendea Bihogo. "Mwenzangu, nafikiri niyaache maziwa."

Bihogo akaacha kucheua. "Ukiyaacha, mimi nitakuwa nani kwako? Ng'ombe ambaye maziwa yake hayanyweki huishia sokoni."

"Sitakuuza."

"Wote husema hivyo. Kunywa, mwenzangu. Ukiniacha mimi, nani atabaki?"

Kokutona akatazama njia. Hapakuwa na mtu anayekuja wala anayekwenda. Akanywa.

Sasa mtaniuliza, majirani walikuwa wapi? Majirani walikuwepo. Lakini katika kijiji kile mgeni hupewa maziwa kabla hajaulizwa habari, na anayeyakataa ni kama amesema, sitaki undugu wenu. Kwa hiyo Kokutona aliacha kutembea. Aliacha harusi, akaacha kwenda kutazama wazazi na watoto wachanga, mwishowe akaacha hata kwenda kwa wifi yake Kagemulo, dada wa marehemu mumewe, aliyekaa ng'ambo ya kijito tu. Watu wakaona anajitenga, nao wakamwacha na utengano wake. Nyumbani anaumwa, nje hana mtu. Akakonda.

Asubuhi moja alichelewa sana kuamka. Alipofika zizini alikuwa anashikilia ukuta. Bihogo akaiangalia mikono yake kwenye kiwele.

"Mikono yako imekuwa vijiti," akasema Bihogo. "Nilidhani nakulisha."

"Nami niliogopa nikikataa utaninyamazia, kama wengine."

Kisha Bihogo akasema, "Usinywe. Ila nikamue, kiwele kinaniuma. Ukitaka, kamwage."

Kokutona akakamua mpaka kibuyu kikajaa, akasimama nacho uani. Kumwaga hakuweza. Ng'ambo ya kijito mtoto alikuwa analia. Ni mjukuu wa Kagemulo: homa ilikuwa imemkausha mama yake maziwa, na ng'ombe wao alikuwa amekufa kwa maradhi. Kokutona alikuwa akikisikia kilio hicho kila siku, akijiziba masikio kwa khanga, maana kuwapelekea maziwa ni kukaribishwa kikombe cha kwanza, na kukaribishwa ni kunywa. Siku hiyo akajitwika kibuyu, akavuka.

Kagemulo alikuwa mlangoni. "Wifi," akasema. "Umepotea."

"Nimepotea, wifi. Nimemletea mtoto maziwa."

Kagemulo akakipokea kibuyu, akamimina kikombe cha kwanza, akamnyoshea Kokutona kwa mikono miwili. "Mgeni kwanza."

Kokutona akakitazama. Ndani mtoto analia. Angeweza kunywa, akarudi kwake, akajikunja mkekani, na hakuna ambaye angejua.

"Siwezi, wifi."

"Huwezi, au hutaki?"

"Siwezi. Maziwa yananiumiza. Yananiumiza tangu mvi ziliponiingia. Ndiyo maana siji kwako, wala siji kwa yeyote."

Kagemulo akakishusha kikombe. "Tulisema umetukataa. Mimi ndiye niliyesema kuliko wote."

"Nilisikia."

"Ungetuambia."

"Ningewaambia vipi? Mtu akikunyoshea kikombe kwa mikono miwili, utamjibu kwa neno gani?"

Kagemulo akaingia ndani na kile kikombe. Kilio kikapungua, kikawa kwikwi, kikakoma. Alipotoka alikuwa na kahawa ya kutafuna, buni zilizokaushwa, kwenye kiganja. Akaigawa, nusu kwake, nusu kwa wifi yake. Wakaketi wakatafuna. Maneno ya miaka hayatoki kwa kikao kimoja, na mengine hayatoki kabisa.

Jua lilipoinama Kokutona akarudi. Bihogo alikuwa amesimama palepale.

"Amekunywa?"

"Amekunywa mpaka akalala."

"Na wewe?"

"Nimetafuna kahawa."

Bihogo akacheua. "Kesho utakwenda tena?"

"Nitakwenda. Mtoto atahitaji."

"Basi nitashinda peke yangu."

Kokutona akaingia zizini, akaketi kwenye nyasi, akauegemeza mgongo wake kwenye ubavu wa ng'ombe. Ubavu ukapanda, ukashuka. Giza likawafunika wote wawili.

Hadithi yangu imeishia hapo, zizini kwa Kokutona. Mimi nimeirudisha kwenu.