Keria Iliyombeba Baba

Mwanamke mmoja alikuwa na mtoto wa kiume, mtoto huyo alikuwa na gari, na juu ya gari kulikuwa na keria. Mwanamke aliitwa Naelijwa. Mtoto aliitwa Eliakunda, mtu wa heshima zake pale mjini, mwenye duka la vifaa vya ujenzi na mahali pake pa kudumu kwenye benchi la mbele kanisani. Keria haikuwa na jina, lakini ilijulikana mjini kuliko wote wawili.

Keria ile ilitengenezwa kwa ajili ya safari moja. Baba yake Eliakunda alifia hospitalini, mbali na nyumbani, na ilibidi mwili upandishwe milimani ukazikwe kwenye ardhi ya ukoo. Gari la kukodi halikupatikana. Eliakunda akaenda kwa mchomeleaji, akasimama pale pale mpaka kazi ikaisha: mabomba mawili ya chuma yaliyokingama juu ya paa, miguu minne, bolti nne. Jeneza likawekwa juu, likafunikwa turubai, likafungwa kwa kamba ya katani iliyozungushwa kwenye vyuma mpaka vyuma vyenyewe havikuonekana. Akaendesha taratibu, macho mekundu. Naelijwa alikuwa nyuma yake. Alimwona mwanawe akifuta machozi kwa mkono wa shati, akamshukuru Mungu kwa kumpa mtoto yule. Lilikuwa jambo jema, na asitokee mtu wa kusema halikuwa jema.

Na siku ile keria haikulia. Hata walipokuwa wakirudi, jeneza limekwisha shushwa na kamba zimeachwa vile vile zimejizungusha kwenye vyuma, haikutoa hata mluzi. Naelijwa alilikumbuka hilo baadaye, kwa sababu katika ukimya ule alimsimulia mwanawe mambo ya baba yake ujanani, na mwanawe alisikia kila neno.

Walipofika nyumbani Eliakunda akazifungua kamba, akaiosha keria, akaipaka rangi ya fedha ikang'aa. Ikabaki pale juu. Haikubeba tena kitu, si gunia la mahindi, si godoro, si hata mkungu wa ndizi. Mizigo ya dukani ilikuwa na lori lake. Mkewe, Tumsifu, alipouliza itashushwa lini, aliambiwa aache maneno, kwamba ile si chuma, ni kumbukumbu ya mzee.

Hapo ndipo kelele zilipoanza. Barabara ya kwenda hospitali inakata nyika ya mkonge, imenyooka, na upepo wa huko hauna simile. Gari likishika kasi, chuma kitupu kilianza na mluzi mwembamba, mluzi ukawa kilio, na paa zima likatetemeka mpaka meno yakagongana. Mbele hakukusikika sana, maana mbele kulikuwa na redio. Nyuma, kelele ile ilikuwa inaingia kwenye fuvu la kichwa, na nyuma ndiko alikokaa Naelijwa.

Kwa nini akae nyuma, mama mzima? Kwa sababu kiti cha mbele kilikuwa cha wageni. Eliakunda hakukosa mtu wa kumpa lifti: mzee wa kanisa, mwalimu mkuu, diwani. Kila mgeni, akishafunga mkanda, aliuliza ile keria ni ya nini, na asipouliza, aliulizwa kama ameiona. Hadithi ikaanza. Jinsi gari la kukodi lilivyokosekana. Jinsi wengine katika ukoo walivyojificha, na yeye peke yake akambeba baba mpaka kaburini. Kila ilipohadithiwa mlima uliongezwa urefu, na mvua ikanyesha, ingawa siku ile jua lilikuwa linachoma. Naelijwa hakuwahi kuisikia hadithi hiyo mpaka mwisho, kwa sababu keria yenyewe iliifunika.

Sasa Naelijwa alikuwa na presha ya macho. Daktari alimwambia wazi kwamba ugonjwa huo haupigi hodi. Unakula mwanga kidogo kidogo kuanzia pembeni, na kilichokwisha liwa hakirudi. Aje kila mwezi apimwe na kurekebishiwa dawa, naye ataendelea kuona. Asipokuja, atapofuka. Jambo lilikuwa jepesi hivyo, na gari lilikuwepo, mafuta yalikuwepo, na mwana alikuwepo.

Lakini kila safari alifika hospitali kichwa kinampasuka. Mara nyingine alitapika kwenye kanga yake mwenyewe. Tumsifu alimpa pamba aweke masikioni. Pamba ikapunguza sauti, haikuzuia mtikisiko, maana huo ulipitia kwenye kiti ukaingia mifupani. Alimwambia mwanawe. Eliakunda akasema ni upepo tu, mama, na upepo utaufanyaje? Akaongeza redio. Alimwambia tena. Akajibu kwamba yeye hasikii kitu. Hebu fikirini! Mwenye redio mbele anamfundisha aliye nyuma kile kinachosikika nyuma. Na mama akanyamaza, kwa sababu ukimwambia mtu kwamba unaumia naye akakujibu kwamba huumii, utaanzia wapi tena?

Tumsifu alilipeleka jambo hilo gereji siku gari lilipobadilishwa oili. Fundi alicheka kwa jinsi lilivyo dogo. Keria inashuka kwa spana moja, alisema, na siku ya mzigo inarudishwa. Na kama bosi hataki ishuke, akaze miguu ya keria iliyolegea, aweke vipande vya mpira chini yake isigonge bati, kisha azungushie vyuma kamba, upepo ukose chuma kitupu cha kupigia mluzi. Naelijwa alipoambiwa habari ya kamba akaukumbuka ukimya wa siku ile. Kamba ya katani ilikuwa bado stoo, imetundikwa kwenye msumari. Asubuhi ya safari alipanda juu ya kiti, mwanamke wa umri ule mwenye macho yale, akaizungusha kwenye vyuma vyote viwili jinsi mharagwe unavyojizungusha kwenye mti wake, akapiga mafundo. Eliakunda alitoka akiwa na simu sikioni, akaingia garini bila kutazama juu. Safari ile keria ilinyamaza, na Naelijwa akasinzia mpaka hospitali.

Eliakunda aliiona kamba walipofika. Pale pale kwenye maegesho, mbele za watu, akatoa kisu.

"Mama, umenifungia gari kama mzigo wa kuni! Watu watanionaje?"

Akaikata vipande, akavitupa kwenye pipa la takataka. Ilikuwa kamba ile ile iliyomshikilia baba yake asianguke njiani. Hiyo ndiyo aliyoionea aibu, na kile chuma alichokipaka rangi ndicho alichokiita baba. Naelijwa akaenda kukaa foleni.

Mwezi uliofuata alisema anajisikia vizuri, hakuna haja ya kwenda. Na mwezi mwingine akasema hivyo hivyo. Eliakunda akafurahi, akasimama kanisani akatoa shukrani kwamba mama amepona. Watu wakapiga makofi. Nyumbani, mama aliyepona alianza kugonga bega kwenye mlango aliopita miaka yote, na kumimina chai nje ya kikombe. Tumsifu aliona, akapiga kelele mpaka mumewe akakubali kumpeleka.

Siku hiyo kiti cha mbele kilikuwa cha Mzee Mrindoko, mzee wa kanisa. Nyika ilipofunguka, kilio kikaanza juu, na mbele hadithi ikaanza. Ilipofika kwenye mvua, Mzee Mrindoko aligeuka nyuma, akatabasamu, akamuuliza Naelijwa kitu. Hakusikia. Akaulizwa tena kwa nguvu, bado hakusikia. Alichojua ni kwamba anapongezwa kwa jambo linalompofusha. Akampiga mwanawe begani, mara kadhaa, kwa nguvu asizokuwa amezitumia tangu Eliakunda akiwa mtoto. Gari likasimama kando ya mkonge, na kelele ikakatika.

"Eliakunda," alisema, "baba yako tulishamshusha. Aliyebaki ndani ya gari ni mimi."

Mzee Mrindoko alitazama miguu yake. Spana ilikuwa chini ya kiti cha Eliakunda, na barabara ilikuwa tupu. Ingemchukua muda mfupi kuliko wa kunywa chai. Na kweli Eliakunda alisikia, tusimnyime hilo, uso wake ulibadilika kabisa. Kisha akasema, "Nimekuelewa, mama. Nitaitoa, lakini baada ya Jumapili." Kwa sababu Jumapili ile ilikuwa ibada ya kumbukumbu ya mzee, ukoo wote ungekuwepo, na gari lilitakiwa lipande milimani likiwa vile lilivyokuwa.

Naelijwa alifungua mlango, akashuka. Aliposikia muungurumo wa basi akanyoosha mkono, na kondakta akamshika kiwiko akampandisha. Hospitalini daktari alimpima kwa muda mrefu kuliko kawaida. Jicho la kulia lilikuwa limekwisha. La kushoto lilikuwa limebakiwa na mwanga kama wa mlango ulioachwa wazi kidogo, na kabla mwaka haujaisha huo nao ukafungwa.

Eliakunda aliishusha keria. Alilia alipokuwa akiifungua, na machozi yake yalikuwa ya kweli kama yale ya siku ya kwanza. Kisha akafanya nini? Akaipaka rangi upya. Akaikaza kwenye boriti ya baraza, upande unaotazama barabara, na mgeni akifika huonyeshwa na kusimuliwa jinsi ilivyombeba baba, na jinsi alivyoing'oa kwa mikono yake mwenyewe kwa ajili ya mama. Kiti cha Naelijwa kimewekwa chini yake ili mgeni awaone kwa pamoja. Wageni hutikisa vichwa na kusema huyu ni mwana kweli kweli. Tumsifu akisikia hivyo huingia jikoni.

Mwezi wa saba upepo hupanda kutoka nyikani. Keria huanza na mluzi mwembamba, kisha hulia, na bati la baraza hutetemeka pamoja nayo. Naelijwa huinua uso, hushika mikono ya kiti kwa nguvu, na kuuliza, "Bado hatujafika?"

Nanyi mnaomkasirikia Eliakunda, mna haki ya kukasirika. Lakini lile jema ulilotenda zamani, ambalo mpaka leo unalipaka rangi ili tulione, nani ameketi chini yake?