Suti ya Mkurugenzi wa Udahili

Hebu wewe, ulishawahi kupata alama zako ukaambiwa si zako? Kadzo alipata themanini, zikasawazishwa zikawa sitini, nafasi ya udaktari ikapeperuka. Akamfuata mkurugenzi wa udahili ofisini.

“Binti, hiyo ndiyo scaling,” bosi alicheka. “Tunakulinganisha na wenzako. Very fair! Nasikia unashona, nipime suti ya mahafali.”

“Haya, mheshimiwa.” Akampima kwa adabu, kitambi chote.

Asubuhi ya mahafali, suruali iligoma mapajani.

“We mtoto, si ulinipima?”

“Nilikupima, mheshimiwa. Kisha nikakulinganisha na wateja wangu wote, na wengi ni vijana wembamba.”

“Upuuzi! Nataka suti ya mwili wangu!”

“Nanyi nipeni alama za kichwa changu.”