Ilani Iliyotolewa Msikitini

Inasimuliwa, na aliyenisimulia alikuwa mdadisi kama mimi, kwamba katika nchi ya Sham ulikuwapo mji mdogo wenye ada nzuri katika mambo ya kupangisha. Mwenye nyumba akiihitaji nyumba yake, humwendea mpangaji mlangoni mwezi unapoandama, pamoja na mashahidi wawili. Hueleza sababu yake, kisha hungoja mpangaji aseme kwa ulimi wake, "Nimesikia." Hapo ndipo muda huanza. Mwezi wa pili ukiandama baada ya hapo, funguo hurudi kwa mwenyewe.

Basi alikuwapo mja mwema akiitwa Haritha, fundi wa matandiko ya ngamia. Nyumba aliyorithi alikuwa amempangisha rafiki yake Wahban na mkewe Sumayka. Yeye mwenyewe alipanga karibu na karakana yake, akiishi na mama yake mzee asiyeona. Ikawa siku moja mwenye nyumba wa Haritha akamjia mlangoni na mashahidi wawili, akasema kwa adabu, "Ndugu yangu, mwanangu anaoa, naihitaji nyumba." Haritha akajibu, "Nimesikia." Wakaagana kwa salama.

Sasa ikampasa naye amwambie Wahban. Lakini tazameni jinsi haya inavyoweza kumponza mtu! Akajisemea, "Niende kwa rafiki yangu na mashahidi, kana kwamba tumegombana?" Akaona aibu. Baada ya sala ya adhuhuri akamkuta Wahban amekaa msikitini akivuta uradi. Akamwinamia sikioni, akamwambia kwamba mwezi wa pili ukiandama ataihitaji nyumba yake. Kichwa cha Wahban kikainama, kikainuka. Haritha akamshukuru Mungu akaondoka upesi, maana mwenye haya akishalitua neno zito hapendi kukaa karibu nalo.

Haikupita juma, Wahban akashikwa na homa, akafariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Sumayka akakaa eda katika nyumba ile. Hakuwa na baba wala ndugu mjini.

Muda ukafika. Haritha akarudisha funguo za alikopanga, akamshika mama yake mkono, akaenda kubisha hodi kwenye nyumba yake mwenyewe. Sumayka akamjibu kutoka nyuma ya pazia, "Shekhe wangu, mimi niko edani, na mlangoni hapa hajafika mtu na mashahidi." Haritha akaitua mizigo miguuni pake. Majirani wakaenda kumwita kadhi.

Kadhi Mundhir alikuwa mchamungu, ila alikuwa na ugonjwa mmoja, kuuliza. Akiletewa samaki atauliza amevuliwa na nani. Akaja mwenyewe, kwa kuwa mwenye eda haitwi barazani, akaketi kizingitini.

"Ilani uliitoa?" akamuuliza Haritha.

"Niliitoa, msikitini."

"Mashahidi?"

"Alikuwapo Mwenyezi Mungu tu."

"Yeye yupo hata sasa, basi jibu vizuri. Wahban alikuitikia?"

"Aliitikia kwa kichwa."

"Apa kwamba alikuitikia, nami nitakupa nyumba yako."

Hapakuwa na aliyemjua Haritha kwa uongo, na mama yake alikuwa amechoka kusimama. Akafungua kinywa ili aape. Kadhi naye, kwa ugonjwa wake ule ule, akamkatiza. "Ngoja kwanza. Ulipomwambia, alikuwa akifanya nini?"

"Akivuta uradi."

"Na Wahban akivuta uradi, kichwa chake kilikuwa kikitulia?"

Lo! Haritha akakumbuka. Miaka mingi ameswali ubavuni mwa rafiki yake, anajua alivyokuwa akikiyumbisha kichwa tangu mwanzo wa uradi hata mwisho wake.

"Hakikuwa kikitulia," akasema. "Wallahi sijui kama aliniitikia mimi au alikuwa na Mola wake. Siwezi kuapa. Twende, mama."

Akainama kuchukua mizigo. Ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Alisikia."

Kadhi akageuka. "Nani kasema?"

"Mimi. Alirudi kula chakula cha mchana akaniambia, 'Haritha anaitaka nyumba yake, na ana haki, tuanze kutafuta.' Nimenyamaza kwa sababu naogopa. Sina pa kwenda. Lakini mtu huyu amekataa kuapa juu ya jambo ambalo ni kweli, nami nitanyamazaje?"

Kadhi akashika ndevu zake. "Subhanallah! Mdai anasema hajui kama ilani ilifika, na mdaiwa anasema ilifika. Tangu nivae kilemba hiki sijaona kesi kama hii. Nimhukumu nani?"

Haritha akasema, "Usihukumu. Ilani ile nilimpa Wahban, naye amekwisha kuhama. Mjane wake sijampa. Akae mpaka eda yake iishe."

"Na mimi nitalala wapi, mwanangu?" akauliza mama.

Haritha machozi yakamtoka mbele za watu. Sumayka akalisogeza pazia kidogo. "Mama aingie."

Mama akaingia. Haritha akalala karakanani kati ya matandiko, akanuka ngozi mpaka watu msikitini wakamtania.

Eda ikaisha. Mwezi ulipoandama, Haritha akaja mlangoni na mashahidi wawili, akaeleza sababu yake kwa sauti ya kusikika, akangoja.

"Nimesikia," akasema Sumayka.

Mashahidi wakataka kuondoka. Sauti ya mama ikawasimamisha. "Mnakwenda wapi? Wapangaji humu tuko wawili. Mwenzangu amesikia. Mimi msinisemeshe, niko kwenye uradi."

Najua mnataka kuniuliza kama mwishowe Haritha na Sumayka walioana. Hilo nami niliuliza, nikaambiwa nishike adabu. Ninalolijua ni kwamba mama mzee yule alivuta uradi mrefu kuliko wote uliopata kuvutwa mjini mle, na Sumayka hakuhama mpaka alipopata nyumba iliyomridhisha mama.

Basi wewe mwenye nyumba unayenisikiliza, nyumba ni yako, hakuna anayeipinga haki yako. Lakini neno la kumhamisha mja wa Mungu lipeleke mlangoni kwake, mchana, kwa muda wake, kisha ungoje akujibu. Mola atujaalie ndimi zinazokataa kuapa kwa jambo tusilolijua.