Mpira wa Pete Mbele ya Kaburi la Mfumwa

Hadithi hii imenifikia kwenye kundi la ukoo wetu, na aliyeileta naye aliletewa. Chumvi niliyoongeza ni kidogo sana. Soma taratibu, halafu msukumie mwingine, hasa kama unamjua mtu mwenye kichwa kigumu.

Palikuwa na mji mdogo milimani, mji wa tangawizi na baridi. Juu yake kuna kilima ambacho si cha mtu, ni cha umma. Kileleni amezikwa Mfumwa, ndivyo wenyeji walivyomwita chifu wao wa zamani, na kaburi lake limezungushiwa ukuta wa mawe yaliyopangwa bila hata tone la saruji. Chini kidogo ya kaburi kuna chemchemi, na mikuyu minene inayoikumbatia kwa mizizi, na mbega wanaoruka humo kutwa nzima. Na mbele ya kaburi kuna uwanja, tambarare kama meza. Kila Jumamosi jioni akina mama wa mji walipanda huko kucheza mpira wa pete.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia.

Mzee Mrindoko, fundi cherehani mstaafu, ndiye aliyekuwa mtunzaji wa kaburi lile. Baba yake alipokuwa anakata roho alimkabidhi yeye, si kaka zake, na mzee alilichukua jambo hilo kwa moyo wote. Nyumba yake iko chini ya kilima. Magoti yalipoanza kumsumbua aliacha kupanda, akawa analinda kwa macho tu, ameketi barazani na kikombe chake cha chai ya rangi.

Na kutoka barazani aliona mambo ya kumtia uchungu. Mpira unaruka, unagonga ukuta wa Mfumwa. Kisha mwanamke mmoja anainama, anainuka, na kicheko kinateremka mpaka kwake. Jumamosi hadi Jumamosi ni hivyo hivyo. Mzee alisema wanamkebehi marehemu. Alilisema msikitini, akalisema kanisani kwa mkewe, akalisema kwa kinyozi. Wengine walimwonea huruma, wengine walimcheka pembeni, lakini hakuna aliyethubutu kumwambia anyamaze, maana alikuwa anaumia kweli.

Basi halmashauri ikaamua kwamba kilima kifanywe bustani ya mapumziko ya wananchi wote. Ikamtuma afisa mipango, dada mmoja mgeni katika mji ule, jina lake Tusajigwe, aandike mpango: nini kiwekwe wapi, nini kiguswe na nini kiachwe. Dada huyu hakuwa na papara. Alizunguka kilima, akakaa na wachota maji, akawasikiliza wafuga nyuki. Mwisho akabisha hodi kwa Mzee Mrindoko, kwa sababu kila alikopita aliambiwa kwamba bila yule mzee, mpango wake hautafika popote.

Mzee hakumzungusha. Alitaka uzio. Uzio mrefu wa nguzo za zege, kuanzia nyuma ya kaburi, uzunguke uwanja wote, ushuke mpaka chini. Wanaotaka kucheza wakacheze kwenye kiwanja cha mnada.

Tusajigwe akamweleza kwa upole kwamba mtaro wa msingi wa uzio huo utapita katikati ya mikuyu na chemchemi, na mizizi ikikatwa maji yanaweza kupotea. Mzee akajibu kwamba mizizi huota tena, heshima ikishavunjwa haioti. Dada wa watu akaelewa kuwa hapa hashindani na mbishi, anashindana na mtoto aliyeachiwa amana na baba yake.

Akafikiri, kisha akasema, "Baba, uzio wako nitauandika. Naomba jambo moja tu. Jumamosi panda juu, utazame mchezo wao mpaka filimbi ya mwisho. Ukimaliza, wewe mwenyewe upige vigingi pale unapotaka uzio upite. Nitakapovikuta, ndipo nitakapouchora."

Mzee karibu acheke. Kumbe ushindi wenyewe ni rahisi hivyo? Alikubali hapo hapo, na usiku ule alilala usingizi mzuri.

Jumamosi ikafika. Mzee akachukua vigingi vyake na nyundo, akakodi bodaboda mpaka pale njia inapoishia, palipobaki akapanda kwa fimbo, anahema, anapumzika, anahema tena. Njiani alikuwa akijiandaa moyoni kwa yale atakayoyakuta. Ukuta umebomoka, bila shaka. Majani yamemeza kaburi. Maganda ya miwa yametapakaa kila mahali.

Alipofika juu alisimama, akashika kiuno.

Ukuta ulikuwa umesimama. Si kusimama tu, ulikuwa umenyooka kuliko alivyouacha yeye. Majani yamefyekwa mpaka kwenye mawe, na mchanga wa mbele ya kaburi umefagiwa, alama za ufagio bado zinaonekana. Mzee akaangalia huku na huku kama mtu aliyeingia nyumba ya jirani kwa makosa.

Akina mama walipomwona na vigingi vyake wakanong'onezana, maana habari za uzio zilikuwa zimeenea mji mzima. Walijua huenda huo ndio mchezo wao wa mwisho pale. Lakini walimwamkia vizuri, wakamletea kigoda. Nahodha wao, Mama Nakijwa, muuza vitumbua wa stendi, akamwuliza kama anataka maji ya chemchemi. Mzee akakataa. Hakupanda kunywa maji ya watu anaokuja kuwafukuza.

Filimbi ikalia, mchezo ukaanza. Na mchezo ulikuwa mzuri, jamani, tusidanganyane. Wanawake wazima, wengine wana wajukuu, wanaruka kama hawajawahi kuumwa mgongo. Mzee alijikuta mara mbili tatu anataka kusimama, akajizuia, akakunja uso upya.

Kisha kikaja kile alichokuwa anakisubiri. Mfungaji akarusha, mpira ukaipita pete, ukagonga ukuta wa Mfumwa, na jiwe moja dogo likaanguka. Mzee akashika nyundo yake. Sasa, alijisemea, sasa nimeona kwa macho yangu.

Mfungaji akakimbia mpaka ukutani. Akaokota lile jiwe, akaligeuzageuza, akalirudisha mahali pake, akalisukuma kwa kiganja mpaka likakaa. Halafu akarudi nyuma, akainama, mikono magotini, kichwa chini. Akasema kwa sauti ya kusikika, "Kumradhi, Mfumwa."

Na wenzake wote wakaitikia kwa pamoja, "Hajambo, endeleeni." Wakacheka, mchezo ukaendelea.

Mzee Mrindoko alibaki na nyundo mkononi. Miaka yote ile ya barazani aliona mtu anainama na kusikia kicheko. Maneno yaliyo katikati hayakuwahi kumfikia, yaliishia njiani na upepo.

Filimbi ya mwisho ilipolia alimwita Mama Nakijwa. Alitaka kukasirika, maana hasira alikuja nayo kutoka nyumbani, lakini hakuiona ilipo.

"Kwa nini mmeisimika pete upande wa kaburi?" akamwuliza. "Uwanja wote huu, mngeuelekeza kwingine, mpira usingemgusa."

Mama Nakijwa akamtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavua viatu mlangoni.

"Bibi zetu walicheza ngoma hapa, mbele yake, akiwa hai. Walikuwa wanakuja wakimwelekea, hawapiti ubavuni mwake wala hawampi mgongo wakimkaribia. Ndivyo tulivyofundishwa. Tulipoanza mpira, tukasema pete moja iwe upande wake, ili anayekwenda kufunga awe anakwenda kwa Mfumwa. Wewe baba ndiye mwenye kaburi. Tulidhani unajua."

Mzee hakujua. Alikuwa amelijua zamani, utotoni, bibi yake alipokuwa bado anacheza ngoma ile, kisha likamtoka. Aliliweka kaburi moyoni, ngoma akaisahau. Roho ikamsuta, akakaa kwenye kigoda, akaomba yale maji ya chemchemi aliyoyakataa. Akanywa kikombe chote.

Jioni ile Tusajigwe alipanda na karatasi zake za kuchorea. Aliwakuta akina mama wameketi kwenye majani na mzee katikati yao, wanambishia kuhusu goli moja ambalo yeye alisema halikuwa goli. Vigingi vilikuwa chini, bado vimefungwa kamba.

"Baba, uzio upite wapi?" akauliza.

Mzee akanyoosha fimbo kuwaonyesha wale wanawake, jasho bado halijawakauka.

"Uzio wenyewe ndio hawa. Nilikuwa nakuja kuung'oa."

Walikaa mpaka giza likakaribia, wakapanga. Mpira unaugonga ukuta, hilo ni kweli, na ukuta ule ni wa mawe makavu, hauwezi kuvumilia milele. Kwa hiyo uwanja utarudishwa nyuma hatua chache, bila kubadili uelekeo wake. Kati ya pete na kaburi watapanda masale, yale majani marefu tunayopanda makaburini na mipakani, yakikua yatapokea mpira. Njia ya wageni itazunguka mikuyu, isiikanyage mizizi. Chemchemi haitajengewa kitu, itaachwa na kichaka chake na mbega wake. Masale alisema ataleta mzee mwenyewe kutoka shambani kwake. Milimani kule, mtu akikuletea sale hana haja ya kusema nimekosa. Mama Nakijwa alielewa, akaitikia kwa kichwa tu.

Siku ya kikao cha halmashauri ukumbi ulijaa. Watu hawakuja kwa ajili ya bustani, walikuja kutazama Mzee Mrindoko atakavyowasha moto. Tusajigwe akausoma mpango. Ukumbi mzima ukageukia kule alikoketi mzee. Akasimama kwa fimbo, akasema anauunga mkono mpango wote, kuanzia mwanzo hadi mwisho, na atakayeupinga aje kwanza azungumze naye.

Diwani mmoja hakuamini masikio yake. "Mzee wetu, si wewe uliyetuimbia uzio miaka yote hii?"

"Ni mimi," mzee akajibu. "Nilikuwa sijapanda kutazama."

Akakaa. Mpango ukapita. Siku hizi ukipita pale Jumamosi utamkuta mzee juu na kigoda chake, mtulivu wa moyo, anagombana na refa.

Funzo: Usimpangie mtu mahali anapopapenda kabla hujakaa naye hapo mpaka mwisho. Huenda yule unayemwona kwa mbali kuwa anaharibu, ndiye anayetunza kwa niaba yako.