Mahindi Mabichi ya Mkwe

Paukwa! … Mbona mnajibu kivivu? Nasema paukwa! Pakawa! Haya.

Hapo zamani za kale, wanyama walilima mahindi. Kila mavuno, Fisi mlanguzi aliyanunua kwa bei ya bure. Njaa ikiingia, anawauzia yale yale kwa bei ya kukata roho. Wakachoka. Wakajenga ghala la ushirika, waweke akiba pamoja.

Nungunungu akawekwa mlangoni. Kazi yake moja tu: kung'ata punje. Kavu inalia kah! Inaingia. Mbichi inabonyea nyee! Inarudi kuanikwa. Kazi moja, jamani, ikamshinda!

Akaja Kanga, mgeni kijijini, na vifaranga vyake. Nungunungu akang'ata. Kah! Akang'ata tena. Kah! Akachagua punje ya chini kabisa. Kah!

"Haya, pita."

Akaja Mama Ngiri, mkwewe. Gunia limelowa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hung'ati?"

"Aa, mama! Wewe uliyenipa mke? Pita tu."

Akaja Tumbili, shemeji yake. Mahindi mabichi. "Shemeji, pita!" Na kijiji kile wote wameoana. Pita, pita, pita! Na jua la kuanikia lilikuwepo, tena kali. Uvivu tu!

Ghala likaanza kufukuta. Fuku, fuku, fuku.

"Mzee Nungunungu," Kanga akauliza, "mbona ghala lina joto?"

"Mahindi yanapumua."

Yanapumua! Mmesikia?

Njaa ikaingia. Kanga akaja na vifaranga kuchukua chakula. Mlango krii! Ukungu mtupu. Mahindi yake makavu yameoza pamoja na ya wenzake.

Vifaranga vikalia, wii, wii. Kanga akamtazama Nungunungu.

"Mzee, mkweo ulimwonea haya. Wanangu huwaonei?"

Mwaka ule wote walirudi kwa Fisi, wakalipa alichotaka.

Mavuno yaliyofuata, akaja Mama Ngiri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Nungunungu akafumba macho kwa aibu, akang'ata. Nyee!

"Mama, rudi ukaanike."

Mama Ngiri akasonya, akanuna, akamwita mkwe asiye na adabu. Lakini alikwenda kuanika.

Basi sikieni. Mkwe mwamkie kwa heshima zote, ila mahindi yake yang'ate kama ya mgeni. Mkioneana haya mlangoni, mtalala njaa wote.

Hadithi yangu imeishia hapo. Nanyi mnaoangalia chini, nawaona.