Jina Chini ya Siwa

Alitawala katika mji wa Zumrati Sultani Jabiri bin Ghalibu, na juu ya mji ule palining'inia jabali kubwa, na jabali lile lilibebwa mabegani na jini Kaimari, aliyefungwa kwa ahadi tangu zama za mababu. Kila mwaka jini alikuja barazani kuuliza ni nani aliyemfunga, na akijibiwa kwa haki aliendelea kubeba. Jibu lilitoka nyuma ya pazia, kinywani mwa Bibi Zaituni, dada yake Sultani, kwa kuwa siri ile ilirithiwa na wanawake wa nyumba ile. Na alipofungua kinywa tu, siwa, pembe ya enzi, ilipulizwa kwa nguvu, ili sauti ya mwanamke isisikike mbele ya wanaume, ila jini peke yake aliisikia. Basi hata Sultani mwenyewe hakuwahi kulisikia jina lile, wala hakuuliza.

Mwaka ule Waziri Mansabu akamwambia kuwa watu mjini wanacheka, wanasema Sultani anasemewa na mwanamke. Neno lile likamchoma, maana Jabiri hakuogopa upanga wala simba, lakini kuchekwa na wanaume wenzake alikuogopa mno. Akaamuru dada yake afungiwe ndani. Na kwani jina lenyewe lilikuwa siri gani? Mji mzima ulijua kuwa jini alifungwa na babu yao, Sultani Hamdani, na sifa zake ziliimbwa katika kila harusi.

Jini akatokea mbele ya chetezo cha ubani, akauliza. Jabiri akajibu kwa sauti kuu, "Sultani Hamdani."

Kaimari akacheka mpaka vumbi la jabali likamwagika juu ya vilemba vya watu. "Siku ile Hamdani alikuwa amejificha chini ya kitanda, ewe Jabiri. Ahadi imevunjika. Ubani wa chetezo hiki ukiisha, nami natua mzigo wangu."

Sultani akautazama ubani unavyoyeyuka, na hofu ikamjaa, akatuma dada yake aletwe upesi. Bibi Zaituni akaja nyuma ya pazia, na Sultani akainua mkono ili siwa ipulizwe.

"Kaka yangu na bwana wangu," akasema Zaituni, "siwa ikilia, sisemi. Mmelificha jina mpaka mkauamini uongo wenu. Nikinong'ona leo, mwakani mtanifungia tena, na mji utakufa. Liondoeni pazia."

Waziri akamnong'oneza Sultani kwamba aibu ni mbaya kuliko mauti. Jabiri akawatazama watu wa baraza, na kila mmoja alikuwa akimwangalia jirani yake usoni. Wote walitaka bibi aseme, na hapana aliyethubutu kuwa wa kwanza. Akakumbuka utoto wake, jinsi alivyowekewa yeye firigisi ya kuku, na Zaituni aliyempika kuku akapewa shingo. Na chuoni alipolia kwa fimbo, mwalimu alimwuliza kama yeye ni mwanamke, na chuo kizima kikacheka. Hakukumbuka siku aliyokaa akaamua kumdharau dada yake. Dharau ile alilishwa tonge kwa tonge, naye akaila kwa raha.

Jabali likanguruma, na kipande chake kikauvunja mnara. Jabiri akashuka kitini, akalivuta pazia kwa mkono wake mwenyewe.

"Sema, dada yangu. Atakayecheka na acheke."

Hapana aliyecheka.

"Aliyekufunga ni Mwana Hidaya, bibi yetu mzaa baba," akasema Zaituni, "akiwa peke yake, na mja mzito."

Jini akainamisha kichwa kwa adabu, akalinyanyua jabali, na ubani wa mwisho ukazimika.

Tangu hapo siwa ikawa ya harusi tu, na harusi ya kwanza ikawa ya Zaituni mwenyewe, aliyeolewa na sonara Badawi, ambaye posa yake zamani ilikataliwa bila bibi kuulizwa. Karamuni Sultani akaletewa firigisi, kama ilivyo ada, naye akaisogeza kwenye sahani ya dada yake. Zaituni akaikata katikati, akamrudishia kipande. Waziri Mansabu hakujua atazame wapi.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na wahenga hawakukosea. Ila hata mtu mzima, akitaka, hujilea upya. Hapa ndipo hekaya yangu inapokaa kitako. Nawe uliye na kuku jikoni, angalia firigisi unampa nani.