Kwa Nini Mama Humeza Kwanza

Wewe uliyeshika kijiko, kiweke chini kidogo. Na huyo mtoto mwachie mkono, hakimbii. Akikimbia ataishia hapo mlangoni. Mnamwita mkaidi, mnasema ameharibiwa na vitamu, wengine mnasema amemrithi shangazi yake. Hamjui mnachosema. Mtoto anayefumba mdomo mbele ya mboga hana ukaidi, ana hofu, na hofu hiyo aliombewa na mama mmoja wa zamani. Kaeni niwaeleze, na mwenye haraka aende zake, ila asije kuniuliza kesho.

Hapo kale, msitu ulipokuwa bado unashuka mlimani mpaka kwenye vizingiti vya nyumba, ulimi wa mtoto haukujua uchungu. Mtoto alitambaa huku akitafuna. Alikula mchicha, majani ya maboga, hata mnavu mbichi uliokuwa bado na umande, wala mama hakuwa na kazi ya kubembeleza. Si kwamba uchungu haukuwepo. Ulikuwepo, na mwenyewe alikuwa Mbega. Yeye ndiye aliyeishi kwa majani kutoka asubuhi hadi jioni, na ilimpasa ajue lipi ni chakula na lipi ni kifo, kwa hiyo alikabidhiwa uchungu wote autunze kinywani mwake. Siku hizo Mbega alisema na watu, ingawa hakupenda maneno mengi.

Katika kijiji kilichokuwa chini ya msitu huo aliishi mwanamke aliyeitwa Namkunda, pamoja na mumewe na mama mkwe wake, Bibi Nakijwa. Namkunda alikuwa na binti, Nanzia, mtoto mwenye mashavu na asiyejua kukaa kimya. Siku moja ya kupalilia alimweka kivulini kando ya shamba, karibu kiasi cha kumsikia akiimba nyimbo zake zisizo na maneno. Kumbe pale kando palikuwa pameota mnanaha, mmea wenye sumu. Unapokuwa mchanga, jani lake halitofautiani sana na la mnavu, na mtoto asiyejua uchungu hana cha kumwonya. Namkunda aliponyanyua kichwa, nyimbo zilikuwa zimekoma.

Alimkuta na midomo ya kijani, uso umewaka, mboni za macho zimetanuka hadi macho yote yakawa meusi. Mtoto hakumtambua mama yake. Alikuwa akinyoosha vidole na kuokota hewani vitu ambavyo wengine hawakuviona, akiokota na kuokota, mpaka jua lilipoinama mikono ikachoka. Wakamzika nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Tangu siku hiyo Namkunda aliendelea kuchuma mboga na kuzipika kwa ajili ya watu wa nyumbani, lakini jani halikupita tena kwenye koo lake. Hakumwambia mtu, na hakuna aliyeuliza.

Baadaye akajaliwa mtoto wa kiume, Mbonea. Mngemwona jinsi alivyomlea mngemhurumia. Alilima naye mgongoni, na kila akimtua alimtia kidole mdomoni kukagua. Usingizi wake ukawa wa kuku, anashtuka kwa kila kitu. Halafu asubuhi moja, Mbonea akiwa ameanza kusimama kwa kushika ukuta, kile kidole kikatoka na jani. Lilikuwa jani la mnanaha, zima, lina alama ya meno mawili tu. Namkunda alilitazama kiganjani mpaka likanyauka. Kisha akamfunga mtoto mgongoni akapanda msituni.

Alimkuta Mbega amekaa juu ya tawi lenye kuvu, mkia mweupe umening'inia, anatafuna bila haraka.

"Bibi," Namkunda akasema, "kitie uchungu kinywa cha mwanangu. Kila jani limtishe."

Mbega akatafuna kwanza mpaka akamaliza. "Uchungu hauna macho," akasema. "Nikiumwaga utaingia kwa watoto wote, na hautajua jani linalolisha na jani linaloua. Na ukishanitoka, siwezi kuurudisha."

Hapo ndipo angesimama akafikiri. Lakini mtu aliyekwisha kuzika mtoto hafikiri vizuri anaposikia neno jani. Namkunda akasema, "Umwage." Mbega akachuma jani gumu la juu kabisa, akalitafuna likawa maji, akayatema. Upepo ukayachukua kwenda chini kijijini. Mgongoni, Mbonea akakunja uso, akafumba mdomo.

Mwanzoni ilikuwa raha. Kijiji kizima watoto waliacha kuokota majani, na wanawake wakilima walilima kwa amani. Kisimani walishangaa, wakaona labda ni msimu tu. Namkunda aliwasikiliza, akajitwisha mtungi akaenda zake. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alilala hadi jogoo akawika.

Kisha kikaja kiangazi kibaya. Wanaume wakashuka nyikani na ng'ombe kutafuta malisho, mume wa Namkunda akiwa mmoja wao, na maziwa yakashuka nao. Ndizi zikakonda. Kilichobaki ni uji mwepesi na mboga za kando ya mfereji, na mboga ndizo watoto hawakutaka hata kuziona. Mbonea alikuwa akiona kijani tu ndani ya bakuli, anageuza shingo. Ngozi ya viwiko ikaanza kukwaruza. Halafu jioni moja, kuku wakiingia bandani na mwanga ukiwa bado upo wa kutosha, akajigonga kwenye kinu kilichosimama mahali pake pa siku zote. Kesho yake akajigonga tena. Namkunda akapitisha mkono mbele ya macho yake, na macho hayakuufuata.

Nyumba ya pili palikuwa na msichana, Nambua, mkubwa kidogo kuliko Mbonea. Yeye pia alianza kwa kujigonga jioni, na sasa hata mchana alikuwa akikaa kizingitini akiwauliza wapitao ni nani. Namkunda alijua mwanawe anaelekea wapi.

Akajaribu kila analojaribu mama. Aliponda mboga akazificha ndani ya uji; Mbonea akagundua katika funda la kwanza, na kuanzia hapo uji nao akaukataa. Aliita zimwi. Alisema usipokula zimwi litakuja likukamate, akagonga ukuta kwa nyuma ili lisikike likija. Kosa kubwa. Mtoto hakuelewa kwamba zimwi huja kwa asiyekula. Alichoelewa ni kwamba bakuli likitoka, zimwi linafuata. Ikawa akisikia tu kijiko anajikunyata pembeni.

Bibi Nakijwa akasema wao walilishwa kwa kubanwa pua, na hakuna aliyekufa. Wakamlaza Mbonea miguuni, bibi akabana pua, Namkunda akatengeneza kiganja kama mfereji akaimimina ile mboga. Mtoto akafungua mdomo kutafuta hewa, akavuta mboga badala yake. Sauti ikakatika. Midomo ikageuka rangi, macho yakatoka, na mikono midogo ikanyooka ikawa inaokota hewani.

Namkunda akapiga yowe moja tu, kisha akamning'iniza kwa miguu na kumpiga mgongoni mpaka tonge likaruka na kilio kikarudi. Bibi Nakijwa alikaa chini, mikono kichwani, na hakutaja tena habari ya pua. Lakini baada ya hapo Mbonea hakupokea hata maji kutoka mkononi mwa mama yake. Akisikia hatua zake alitambaa kwenda upande mwingine, akipapasa ukuta. Mimi nasema hakuna uchungu wa jani unaofika hapo.

Akapanda tena msituni, safari hii mgongo mtupu. Alimkuta Mbega kwenye tawi lilelile, ila sasa alikuwa na mtoto, mweupe mwili mzima kama walivyo wanapozaliwa. Namkunda akaomba, akalia, akasema uondoe, Bibi, uondoe. Mbega hakujibu. Alikuwa amekwisha sema kwamba hawezi, na sidhani kama alibakiwa na neno jingine kwa watu. Alivuta tawi akaendelea kula.

Namkunda akakosa nguvu za kurudi. Akakaa kwenye mizizi akitazama kwa sababu hakuwa na la kufanya. Ndipo akaona. Uchungu wote ulikuwa umemwagwa, na yule mtoto mweupe hakurithi hata tone. Hakujua jani lolote. Lakini kila mama yake alipotafuna, alipanda kifuani, akamwekea pua mdomoni, akanusa. Akatazama koo likipanda na kushuka. Kisha akachukua kipande kilichobaki kwenye midomo ya mama, akakiweka kwake. Jani ambalo mama hakulitafuna, hakuligusa.

Namkunda akashika koo lake mwenyewe. Alishuka mlima akiogopa kuliko alivyopanda.

Jioni hiyo alichemsha mnavu kwa chumvi, akaketi sakafuni katikati ya nyumba. Hakumwita mtoto. Akachota tonge akaliweka mdomoni, na koo likakataa. Harufu ilimletea midomo ya kijani na vidole vikiokota hewani. Alijua kabisa kwamba huu ni mnavu, aliuchuma mwenyewe na kuukagua jani kwa jani, lakini mwili wake ulikuwa na hakika kwamba anameza mauti. Machozi yakamtoka. Akatafuna. Akameza, akakaa akingoja afe.

Bibi Nakijwa alikuwa jikoni na mwiko mkononi. Akaacha kukoroga.

"Mama Mbonea," akasema, "sijakuona ukila mboga tangu tumzike mtoto."

"Sijala, mama."

Bibi akamtazama Mbonea kule pembeni, kisha akamtazama mkwewe. "Basi na yeye alikuwa anaona," akasema.

Namkunda akachota tonge la pili. Akasikia mtu akikwaruza sakafu. Mbonea alikuja akipapasa, polepole, akisimama na kusikiliza. Akafika kwenye goti, akapanda. Akaweka kiganja kwenye taya la mama yake akalisikia likienda. Akamwekea pua mdomoni. Kisha akaingiza kidole katikati ya midomo ya mama, kama mama alivyokuwa akimfanyia kila siku, akatoa kipande kidogo cha jani na kukilamba. Akakunja uso akatema.

Namkunda akachota tonge la tatu. Kesho yake akala tena, na mtoto akanusa tena, akatema tena. Keshokutwa vilevile. Hamtaki kusikia habari hii, najua. Mnataka mtoto ale leo hii. Ilichukua siku nyingi mpaka mama mwenyewe akaanza kuisikia chumvi badala ya kifo, na hapo, jioni moja, kile kipande hakikutoka. Kilipita. Namkunda alilisikia koo dogo likimeza, na badala ya kufurahi alishikwa na baridi. Alikaa na mkono juu ya kifua cha mtoto, akimtazama mboni na mashavu, mpaka mtoto akalala na pumzi zake zikawa ndefu.

Siku zikapita za mboga kwenye midomo ya mama na kwenye kidole cha mtoto, kisha kwenye bakuli moja. Halafu jioni moja, saa ileile ya kuku kuingia bandani, Mbonea alikuwa mlangoni. Jogoo akaruka juu ya kinu. Mtoto akageuza kichwa, akamfuata kwa macho kutoka kinuni mpaka bandani, akasema, "Kuku." Namkunda alikaa palepale chini akalia kwa sauti.

Akaenda kisimani akawaeleza wanawake yote, alichoomba na alichokiona. Kuna waliokaa muda mrefu bila kumsalimu, na hakuwalaumu. Lakini waliporudi nyumbani walimeza kwanza, mbele ya watoto wao, na watoto wakaja. Ila Nambua hakurudishiwa macho. Namkunda ndiye aliyemshika mkono kumpeleka kisimani na kumrudisha, mpaka wote wawili wakawa wazee. Sehemu hii watu hupenda kuiruka wanaposimulia. Mimi siiruki.

Basi kutoka kiangazi kile mpaka leo hii mnayokaa hapa, Mbega hasemi na watu. Na kila mtoto anapoanza kusimama kwa kushika ukuta, ule uchungu uliomwagwa humwamkia ulimini, akafumba mdomo mbele ya kila kijani, kizuri na kibaya. Ndiyo maana kwetu mama hachoti mboga ya mtoto bila kula yeye tonge la mwanzo, katika bakuli lilelile, mtoto akimtazama koo. Na mkiangalia vizuri mtaona kwamba kabla ya kumeza kila mama husita kidogo, hata asiyewahi kusikia jina la Nanzia.

Haya, sasa okota kijiko chako. Usimsogelee. Anza wewe.